Fimbo Haitibu Hofu: Msaada wa Kitaalamu kwa Mbwa na Paka Wenye Matatizo ya Tabia

Matatizo ya tabia kwa wanyama wa nyumbani ni yale matendo yanayomtesa mnyama mwenyewe, au yanayowaudhi na kuwahatarisha watu anaoishi nao, na ambayo hayakomi kwa kukemewa. Mbwa huuma wageni, hubweka usiku kucha, hutafuna milango akiachwa peke yake, au hujificha uvunguni akitetemeka radi inapoanza kupiga. Paka hukojoa kitandani, hurarua makochi, humvamia paka mwenzake aliyekua naye. Kasuku hujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikabaki kitupu. Katika nyumba nyingi majibu huwa ni fimbo, mnyororo au gunia: mnyama hutiwa ndani, akapelekwa mbali na kutupwa sokoni au porini. Chanzo cha tabia hubaki kama kilivyokuwa, na mara nyingi huongezewa hofu mpya.

Jambo hili lina uzito kuliko kero ya zulia lililochafuliwa. Nchini Uingereza, uchunguzi wa Royal Veterinary College uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa tabia zisizotakiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya mbwa wenye umri wa chini ya miaka 3. Wengi wa mbwa hao walichomwa sindano ya kuwaua kwa uamuzi wa wenyewe.

Kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kutenganisha mambo ambayo mwenye mnyama huyaona kuwa kitu kimoja. Ipo tabia ya kawaida inayotokea mahali pasipofaa. Paka hukwaruza kwa sababu kucha zake huvua ganda la nje, na nyayo zake zina tezi zinazoacha harufu yake. Mtoto wa mbwa hutafuna viatu kwa sababu meno ya utotoni yanapisha ya ukubwani, kati ya mwezi wa 4 na wa 6 hivi. Ipo pia tabia iliyofundishwa bila mtu kujua: mbwa anayetupiwa mfupa ili anyamaze amelipwa kwa kubweka, na kesho atabweka tena. Halafu ipo tabia inayotokana na hofu, wasiwasi au maradhi. Hii ndiyo inayohitaji mtaalamu hasa, na ndiyo inayopigwa zaidi, maana mbwa mwenye hofu akitoa meno huhesabiwa kuwa mkaidi.

Daktari kwanza

Wa kwanza kuonwa ni daktari wa mifugo, hata pale mwenye mnyama anapoamini kuwa shida ni ya adabu tu. Maumivu hubadili tabia kabla hayajabadili mwendo. Mbwa mzee aliyekuwa mpole akianza kumngurumia mtoto anayemgusa kiuno, nyonga zake zichunguzwe kabla hajalaumiwa. Paka mzee anayelia usiku na kula sana huku akikonda hupimwa damu ili kujua hali ya tezi ya shingo. Mbwa aliyepita miaka 10 akawa anapotea ndani ya nyumba aliyoizoea, au anasimama akiukodolea macho ukuta, huenda ana ugonjwa wa uzee wa ubongo. Masikio yenye usaha, meno yaliyooza na ngozi iliyojaa viroboto humfanya mnyama yeyote awe na hasira za karibu.

Kuna hali moja ya paka isiyongoja hata kesho. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, akilia na kutoa matone machache ya mkojo au asitoe kitu, huenda njia yake ya mkojo imeziba. Asipozibuliwa hufa ndani ya siku chache. Wengi wamempiga paka wa namna hiyo kwa kuchafua sakafu, kumbe alikuwa anaomba msaada.

Afrika Mashariki ina sababu nyingine ya kumtanguliza daktari: kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote barani Afrika na Asia. Mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa mpole anapokuwa mkali ghafla, au mkali anapokuwa mpole kupita kiasi, sauti ikibadilika, taya likilegea, mate yakitiririka, hilo si suala la mkufunzi. Asishikwe kwa mkono. Afungiwe alipo ikiwezekana, na ofisi ya mifugo ya eneo iarifiwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Mbwa aliyeuma huku akionekana mzima hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Hakuna mpango wa kurekebisha tabia unaoanza kabla ya jambo hili kuwa wazi.

Nani ni nani

Wanaofanya kazi hii ni wa ngazi tofauti, na kuchanganya ngazi hizo kumewapotezea wengi fedha na wanyama. Mkufunzi wa mbwa hufundisha: kukaa, kuja anapoitwa, kutembea na kamba bila kuvuta. Nchini Marekani hakuna leseni ya kitaifa ya kazi hiyo, ila tangu mwaka 2001 lipo baraza huru, CCPDT, linalowatahini wakufunzi wanaotaka cheti. Juu yake yupo mtaalamu wa tabia mwenye shahada ya uzamili au uzamivu katika elimu ya tabia za wanyama, anayethibitishwa na Animal Behavior Society. Ngazi ya tatu ni daktari wa mifugo aliyebobea katika tabia. Chuo cha madaktari hao cha Marekani, ACVB, kilitambuliwa rasmi mwaka 1993. Anayetaka kuingia humo humaliza kwanza udaktari wa mifugo, kisha husoma miaka kadhaa chini ya msimamizi, huchapisha utafiti, huandika taarifa za wagonjwa aliowatibu na kufanya mtihani. Uingereza ilikuwa na chama cha washauri wa tabia tangu mwaka 1989, Association of Pet Behaviour Counsellors, na leo Animal Behaviour and Training Council ndiyo inayotunza rejista ya wakufunzi na washauri waliofikia viwango.

Tofauti kubwa kati ya ngazi hizi ni mamlaka. Mkufunzi hata awe hodari vipi hatambui ugonjwa wala haandiki dawa. Akikutana na mbwa aliyekwisha kuuma watu, kazi yake ni kumrudisha kwa daktari. Mkufunzi mwaminifu hufanya hivyo bila kuona haya.

Elimu wanayoitumia wote ina zaidi ya karne. Edward Thorndike alichapisha mwaka 1898 majaribio ya paka waliojifunza kufungua vizimba ili wapate chakula. Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo, alionyesha jinsi mbwa anavyotokwa na mate kwa ishara iliyotangulia chakula. B. F. Skinner akaeleza mwaka 1938 jinsi matokeo ya tendo yanavyoamua kama tendo litarudiwa. Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda mbali kuona elimu hiyo ikifanya kazi. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu katika makohozi. Panya akipatia husikia mlio mfupi wa "kliki" na kupewa kipande cha ndizi au tonge la chakula. Hapigwi. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alinusa zaidi ya mabomu na mabaki ya silaha 100, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Ikiwa panya anaweza kufundishwa kwa ndizi kazi ambayo maisha ya watu yanaitegemea, hoja kwamba mbwa hasikii bila kiboko haina pa kusimama.

Siku ya kumwona mtaalamu

Mashauriano ya kwanza huchukua saa moja hadi tatu, na sehemu kubwa ni maswali. Mnyama alipatikana wapi na akiwa na umri gani? Alitenganishwa na mama yake lini? Anakula nini, analala wapi, nani humlisha, nani humwogopa? Tukio la mwisho lilitokea saa ngapi, nani alikuwepo, na nini kilitangulia kwa sekunde chache? Video iliyopigwa kwa simu ina thamani kubwa, hasa ya mbwa aliyeachwa peke yake, kwa kuwa tabia hiyo haionekani mtu akiwepo. Ila mnyama asichokozwe makusudi ili arekodiwe akiuma. Hilo humzidishia mazoea mabaya na humtia mtu hatarini.

Mpango unaotolewa huanza na kuzuia. Mbwa anayewarukia wanaopita getini huondolewa kwenye geti, kwa sababu kila siku anayofanikiwa kumfukuza mpita njia ni siku ya mazoezi. Kisha huja kazi yenyewe, ambayo ni kumzoesha polepole kile anachokiogopa huku kikifungamanishwa na kitu anachokipenda. Mtu mgeni husimama mbali, labda mita 30, mahali ambapo mbwa anamwona lakini bado anaweza kula. Kila mgeni anapoonekana, vipande vidogo vya nyama hutolewa. Akitoweka, nyama nayo hukoma. Siku kwa siku masafa hupunguzwa. Kipimo kiko kinywani mwa mbwa: akikataa nyama, amesogezwa karibu kupita kiasi, na arudishwe nyuma.

Hofu ya fataki hutibiwa kwa njia hiyo hiyo, na kazi huanza miezi kadhaa kabla ya mkesha wa Mwaka Mpya. Milio iliyorekodiwa hupigwa kwa sauti ya chini sana, dakika chache kwa siku, ikifuatwa na nyama, na sauti huongezwa pale tu mbwa anapoendelea kuwa mtulivu. Usiku wenyewe mbwa huwekwa chumba cha ndani, mapazia yakafungwa, redio ikawashwa, na geti likahakikishwa, kwani mbwa wengi hupotea usiku huo kwa kukimbia ovyo. Wapo wanaoamini kuwa kumbembeleza mbwa mwenye hofu ni kumlipa kwa kuogopa. Si kweli. Hofu haifanywi kwa makusudi, na kukaa naye hakuiongezi.

Adhabu inastahili kuzungumziwa kwa uwazi, kwa sababu bado ndiyo inayouzwa zaidi. Mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kutonguruma; hofu yake inabaki, na siku nyingine huuma bila onyo. Nadharia kwamba mbwa anataka utawala wa nyumba na lazima avunjwe nguvu ilitokana na mbwamwitu waliofungiwa. Rudolf Schenkel aliwaangalia katika bustani ya wanyama ya Basel na kuandika juu yao mwaka 1947. David Mech, aliyeieneza dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliisahihisha mwenyewe mwaka 1999 baada ya kuwafuatilia mbwamwitu wa porini: kundi lao ni familia, baba, mama na watoto wao. Na hata hao si mbwa wa nyumbani. Wales ilipiga marufuku kola za kutoa shoti ya umeme mwaka 2010, na chama cha madaktari wa Marekani wanaoshughulikia tabia, AVSAB, kinashauri mafunzo ya kutuza pekee.

Dawa zina nafasi yake. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha clomipramine mwaka 1998 na fluoxetine mwaka 2007 kwa mbwa wanaotaabika wanapoachwa peke yao, zote kwa sharti la kwenda pamoja na mafunzo. Hazilevyi, na faida yake huonekana baada ya wiki 4 hadi 8. Humpunguzia mnyama wasiwasi ili aweze kujifunza. Dozi huandikwa na daktari kwa uzito wa mnyama baada ya kupima damu. Vidonge vya binadamu visitolewe kwa kukisia. Paracetamol, kwa mfano, humuua paka hata kwa kiasi kidogo.

Paka na sanduku la mchanga

Kwa paka, shida inayopelekwa kwa wataalamu mara nyingi ni mkojo. Ugonjwa ukishaondolewa kwenye orodha, hutazamwa jinsi anavyokojoa. Paka anayesimama, mkia juu ukitetemeka, akirusha mkojo ukutani, anaweka alama ya eneo. Dume wengi huacha baada ya kuhasiwa. Anayechuchumaa kwenye godoro au nguo amelikataa sanduku, na mara nyingi ana haki. Limekaa siku tatu bila kusafishwa, liko karibu na chakula, ni dogo, au paka mwingine hulinda njia ya kulifikia. Katika fleti za Nairobi na Dar es Salaam paka hawana ua wa kuchimba, kwa hiyo masanduku yawe sawa na idadi ya paka, na moja la ziada, kila moja mahali pake. Mchanga laini usio na manukato huwafaa wengi, na uchafu utolewe kila siku. Mahali palipokojolewa pasioshwe kwa dawa yenye amonia, kwa kuwa harufu yake inakaribiana na ya mkojo na humwita arudi.

Makochi huokolewa kwa urahisi zaidi: gogo imara lililofungwa kamba ya katani, refu kiasi cha paka kujinyoosha, likawekwa pale pale anapokwaruza.

Mbwa wa getini

Afrika Mashariki sehemu kubwa ya mbwa wa mijini hufugwa kwa ulinzi, na hapo ndipo ukali hutengenezwa kwa mikono ya watu. Mtoto wa mbwa huuzwa kando ya barabara akiwa na wiki tano au sita, akafungiwa banda lenye giza mchana kutwa, akafunguliwa usiku. Haoni wageni, hazoei watoto, hajui gari wala mwavuli. Watoto wa mtaani humtupia mawe kupitia geti. Anapofikisha mwaka mmoja kibao cha "Mbwa Mkali" huwa ni cha kweli, lakini ukali huo hautofautishi mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira.

John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi Bar Harbor nchini Marekani na kuuchapisha katika kitabu mwaka 1965, walionyesha kuwa wiki ya 3 hadi ya 12 ndizo ambazo mtoto wa mbwa huwapokea watu na mambo mapya bila hofu kubwa. Kwa paka kipindi hicho huja mapema zaidi, wiki ya 2 hadi ya 7. Kinachokosekana hapo hulipwa kwa kazi ya miezi baadaye, na pengine kisilipike chote. Wengi huogopa kumtoa mtoto wa mbwa nje kabla chanjo hazijakamilika, na hofu hiyo ina msingi, maana ugonjwa wa parvo huua. Suluhisho ni kumbeba mikononi, kuwaalika watu wa kila rika nyumbani, na kumkutanisha na mbwa waliochanjwa tu, siku zipatazo 7 baada ya chanjo yake ya kwanza. Mbwa aliyelelewa hivyo hubweka mgeni akigonga kama kawaida. Ulinzi haupungui.

Madaktari waliobobea katika tabia ni nadra katika ukanda huu. Hata hivyo daktari wa kawaida anaweza kufanya uchunguzi wa mwili na kushauriana kwa video na mtaalamu aliye nje, huku dawa ikiandikwa na yeye aliyemshika mnyama. Mkufunzi achaguliwe kwa maswali mawili: mbwa akipatia hupata nini, na akikosea hufanywa nini? Jibu la pili likiwa kola ya miiba, kuning'inizwa au kunyimwa chakula, ashukuriwe na kuachwa. Ndivyo pia kwa anayeahidi mbwa mpya ndani ya wiki moja, na anayemchukua mnyama kwa mwezi mzima bila mwenyewe kushiriki. Mbwa atamtii mwalimu, nyumba itabaki ile ile. Ukatili ukitokea, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360.

Si kila mnyama hupona. Mbwa mkubwa aliyekwisha kuuma kwa kina zaidi ya mara moja, anayeishi na watoto wadogo katika nyumba isiyo na mahali pa kumtenga, ni hatari ambayo mafunzo pekee hayaiondoi. Kumhamishia kwa mtu mwingine bila kumweleza historia yake ni kumtafutia mwathirika mwingine. Wakati mwingine uamuzi wa mwisho ni sindano ya daktari, na unapofikiwa baada ya uchunguzi kamili si wa kuonea haya.

Wengi hawafiki huko iwapo wanapelekwa mapema. Mabaraza ya madaktari wa mifugo ya Kenya na Tanzania yaandikishe wakufunzi na kuweka viwango vyao, na vyuo vya Kabete, Morogoro na Makerere viwakutanishe wanafunzi na kesi nyingi zaidi za tabia katika kliniki. Mwenye mbwa aliyeanza kuuma au paka aliyeacha sanduku asingoje hayo: aandike kinachotokea, saa na mahali, na amwone daktari wiki hii.